Tekla Kalinga na Uwanja wa Baiskeli Chini ya Mlima wa Ipogolo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu wa mto Ruaha Mdogo umelalia daraja la Ipogolo, na mtu haoni hatua kumi mbele yake. Tekla Kalinga amesimama kwenye lango la uwanja wake, blanketi mabegani, mikono kwapani. Hatazami barabara. Anaisikiliza.

"Huyo ni fundi Yotamu," anasema, na mwandishi wa habari hizi hajasikia kitu. "Madigadi yake yanagonga."

Haupiti muda, taa hafifu inachomoza kutoka upande wa Mbeya, na Yotamu, mshona nguo wa sokoni, anateremka kwenye baiskeli yake huku madigadi yakigonga kweli.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Leo walimu wamekushinda, wamekwisha fika."

Yotamu anacheka, anaisukuma baiskeli ndani, na kupokea kibao kidogo cha mti chenye namba. Anakitia mfukoni na kwenda kusimama kando ya barabara na wenzake, akipuliza viganja. Nyuma yake wanafuata dobi, tarishi wawili, wauza mboga na vikapu vyao, makarani, na mzee mmoja anayefagia uwanja wa kanisa. Julai ya Iringa haina mchezo. Kila anayeshuka ana umande kwenye nyusi.

Ikifika saa kumi na mbili na nusu, baiskeli zilizo ndani ya ua wa matete ni tisini na nne, na lori la Bwana Murad lenye viti vya mbao na paa la turubai, lililokwisha pandisha kundi la kwanza, linasikika likigeuza darajani. Watu wanapanda. Lori linaunguruma, linapiga kona ya kwanza, ya pili, na kupotelea kwenye ukungu kuelekea mjini juu.

Uwanja unabaki kimya. Tekla anachukua kitambaa na kuanza kupangusa umande kwenye tandiko la kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajafika Iringa, ni vizuri aelezwe jinsi mji ulivyokaa. Umejengwa juu ya ukingo mrefu, na barabara kuu inayotoka Mbeya inakuja vizuri, inateremka hadi mtoni, inavuka daraja la Ipogolo, halafu hapo inageuka kuwa ukuta. Mtu aliyetoka vilima vya Mseke kwa baiskeli, maili nane au kumi akiimba njiani, akifika hapo wimbo unakwisha. Zamani alishuka akaisukuma baiskeli mpaka juu, akafika kazini shati limeloa na mwajiri amekwisha tazama saa.

"Nilikuwa nawaona kila siku," Tekla anasema. "Mtu anakwenda kazini tayari amechoka. Akirudi jioni anashuka mlima breki zinalia, wengine wanaanguka. Nikasema, hii baiskeli inawasaidia au wao ndio wanaisaidia?"

Hiyo ilikuwa mwaka 1953. Tekla alikuwa akiuza uji wa ulezi kando ya daraja. Mumewe, Liberatus, ni mpishi kwenye shamba la tumbaku la mlowezi mmoja, na hurudi nyumbani Jumapili tu. Wana watoto wanne. Uji ulikuwa wake mwenyewe, na sufuria lake, na mahali pake.

Asubuhi moja ya mvua karani mmoja aliyekuwa na homa alishindwa kabisa kuisukuma baiskeli yake. Alimwomba Tekla amtunzie hadi jioni, akapanda mlima kwa miguu mitupu, viatu mkononi. Siku ya pili, ingawa homa ilikuwa imemwacha, aliiacha tena. Siku ya tatu alikuja na mwenzake. Baada ya mwezi mmoja, nyuma ya sufuria la uji zilisimama baiskeli kumi na moja, na Tekla akamwomba jumbe wa pale kipande cha ardhi kilichokuwa kimeota magugu. Alikifyeka mwenyewe na kukizungushia matete. Aliomba senti tano kwa siku, na hakuna aliyegomba.

Lakini watu bado walipanda mlima kwa miguu. Tekla aliona jambo jingine ambalo wengine walilipita. Kila asubuhi lori la Bwana Murad, Mbalushi mwenye duka na magari mjini, lilishusha vibarua kwenye mashamba ya upande wa Mseke, kisha likarudi Iringa likiwa tupu. Lilipita mbele ya uji wake likiwa tupu, likaupanda mlima likiwa tupu, na kando yake wakipanda watu wanaohema.

Tekla hakujua namna ya kumwendea tajiri. Alisoma madarasa mawili tu, katika shule ya misheni ya Tosamaganga. Basi akafanya alivyojua. Kwa wiki mbili, ukiacha Jumapili, kila mtu aliyepita kwa miguu au na baiskeli kabla ya saa moja asubuhi alimtilia punje ya mahindi kwenye kibuyu, na jioni alizimimina punje hizo kwenye kitambaa na kukifunga fundo. Baadaye alipanda mlima na vitambaa kumi na viwili, akaingia dukani kwa Bwana Murad na kuviweka juu ya meza, kati ya mizani na marobota ya kaniki.

"Alidhani namletea mbegu," anasema, na hapo anacheka hadi anashika ubavu. "Nikamwambia, hawa ni watu, bwana. Kila fundo ni siku moja."

Bwana Murad alifungua vitambaa vitatu na kuhesabu mwenyewe. Katika kila kimoja punje zilizidi hamsini. Jumatatu iliyofuata dereva wake alipewa amri ya kusimama darajani. Ilianza safari moja asubuhi na moja jioni. Vijana wa mjini, kwa utani, wakaanza kuuita uwanja ule "stesheni", ingawa treni ya karibu iko Dodoma, zaidi ya maili mia na hamsini, na Tekla hajapata kuiona hata moja. Jina likashika. Siku hizi hata barua humfikia zikiandikwa hivyo.

Miaka mitatu kazi ilikwenda bila tatizo. Hapakuwa na vibao wala vyeti. Tekla aliijua kila baiskeli na kila mwenyewe, na ikiwa mtu mgeni alikuja kuchukua baiskeli kwa niaba ya mwenzake, alimhoji. Mwenye kujibu vizuri alipewa. Asiyejua alirudishwa.

Hivyo ndivyo jambo la Machi mwaka jana lilivyotokea.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Ezekia Mwaisumo, fundi seremala, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeoa Iringa na kujenga Mseke. Baiskeli yake ilikuwa nzee kuliko zote uwanjani, nyeusi, nzito, ya kabla ya vita. Ezekia si mtu wa maneno mengi. Lakini kila asubuhi akiiegemeza kwenye mti wake, alimwambia Tekla neno moja lile lile: "Mtunze mzee." Tekla alidhani ni mzaha kwa sababu ya uzee wa baiskeli.

Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, alikuja kijana mrefu mwenye mzigo wa nguo begani. Alisema amekuja kuchukua baiskeli ya Ezekia, yeye ni mdogo wake.

Tekla akamhoji. Alimwuliza baiskeli ina alama gani. Kijana akajibu bila kuitazama: chini ya fremu kuna kovu la kulehemu, refu kama kidole, na kengele yake si ya asili, imetolewa kwenye baiskeli nyingine. Tandiko limeshonewa ngozi ya mbuzi, na mshono umepinda upande wa kushoto kwa sababu aliyeushona hakuwa na jicho zuri. Tekla alikuwa ameipangusa baiskeli hiyo miaka mitatu bila kuona kwamba mshono umepinda. Akaenda kutazama. Ulikuwa umepinda.

Akampa.

Jioni Ezekia aliteremka na lori, akaenda kwenye mti wake, akasimama. Tekla akamweleza kwa furaha kwamba mdogo wake amekwisha ichukua. Ezekia alimwambia hana mdogo wake yeyote Iringa.

"Nikamweleza yule kijana alivyo," Tekla anasema. "Na alivyojibu. Nilipofika kwenye ule mshono, Ezekia alikaa chini. Akakaa pale pale kwenye majani yenye maji."

Akasema, "Huyo ni Lutengano."

Habari yenyewe Tekla aliipata kidogo kidogo. Baiskeli ilikuwa ya baba yao, aliyeinunua kwa kahawa yake ya kwanza na kuishonea tandiko mwenyewe macho yakiwa yamekwisha haribika. Alipokufa mwaka 1951, ndugu wawili waligombana ni nani aichukue. Ezekia, kwa kuwa mkubwa, aliichukua, akaondoka nayo, na hawakuonana tena. Miaka sita hakuna aliyemwandikia mwenzake.

Ezekia hakumlaumu Tekla. Alisema iache, imekwenda ilikokwenda. Toka siku hiyo alikuja kwa miguu, maili nane, akapita mbele ya uwanja bila kuingia.

Watu wengine hawakuwa wapole hivyo. Habari ilienea kwamba ukijua kusema vizuri Ipogolo unapewa baiskeli ya mtu. Baiskeli zilikuwa sitini na tatu. Wiki ya kwanza zikashuka hadi arobaini, ya pili zikawa ishirini na sita. Watu walirudi kusukuma mlimani. Bwana Murad alituma dereva amwambie Tekla, kwa heshima, kwamba lori lenye viti vitupu halina faida, na hali ikiendelea hivyo safari ya asubuhi itakoma mwisho wa mwezi.

Tekla hakulala vizuri wala kula vizuri. Siku moja basi la kwenda na kutoka Mbeya lilisimama darajani kupoza injini, na kondakta wake, Jailos, akanywa uji. Tekla alimwuliza kama amepata kumbeba mtu mwenye baiskeli nzee nyeusi. Jailos alimkumbuka mara moja, kwa sababu mtu huyo alikuwa amewasumbua. Alikataa baiskeli isifungwe juu ya basi na mtu mwingine ila yeye. Walipofika Nyololo na abiria wote wakashuka kunywa chai, yeye alipanda juu ya basi kutazama kama kamba hazikwaruzi rangi. Alishukia Mbeya.

"Hapo ndipo nilipopata nguvu," Tekla anaeleza. "Nilijiuliza, mwizi gani huyo anayeacha chai kwa ajili ya rangi ya baiskeli?"

Liberatus alipokuja Jumapili, Tekla alimwambia anataka kwenda Mbeya. Alitegemea kukatazwa. Mwanamke wa Ipogolo kusafiri peke yake zaidi ya maili mia mbili, msimu wa mvua, kumtafuta mtu asiyemjua! Liberatus alimsikiliza hadi mwisho, akasema akibaki ataugua, basi bora aende. Watoto na uwanja angeviangalia dada yake Liberatus.

Kabla ya hapo Tekla hakuwa amevuka Nyololo. Barabara ilikuwa tope, na mara tatu abiria walishuka kusukuma basi. Aliziona nyanda za Usangu zimejaa maji kama ziwa, na milima ya Mbeya ikikaribia ikiwa imefungwa mawingu. Alifika Ijumaa alasiri. Mama mmoja wa kanisani alimpokea, akampa chakula na mahali pa kulala bila kumwuliza maswali mengi.

Jumamosi asubuhi hakwenda polisi wala bomani. Alikwenda kwa fundi baiskeli.

"Mnyororo wa ile baiskeli ulikuwa na pingili moja iliyofungwa kwa waya. Nilijua kwa barabara ile hauwezi kufika mbali. Popote alipo, lazima amemwendea fundi."

Fundi wa pili aliyemwuliza, Msafwa jina lake Sedekia, mwenye kibanda karibu na soko, alimjibu kwamba mnyororo huo aliutengeneza yeye mwenyewe Jumanne. Mwenye baiskeli yuko Uyole, kwenye njia panda ya Tukuyu, anabeba mikungu ya ndizi kutoka kwenye magari na kuipeleka sokoni. Lakini kama ana shida naye afanye haraka, maana kijana amesema Jumatatu anakwenda Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu.

Tekla alitembea hadi Uyole, yapata maili sita. Njia nzima alipishana na watu wanaokuja mjini, wanawake wa vilimani na viazi kichwani, vibarua, wanafunzi, wengi wao kwa miguu, na baadhi wakiburuza baiskeli kwenye tope zito. Anasema hata katika wasiwasi wake alijikuta anawahesabu.

Alimkuta Lutengano kando ya njia panda akifunga mkungu kwenye karia. Kijana alipomwona alimtambua papo hapo. Hakukimbia. Alisimama tu na kamba mkononi.

Mwandishi huyu amezungumza na wote wawili, na wote wanaeleza mazungumzo hayo kwa namna moja. Lutengano ndiye aliyeanza.

"Sikukudanganya, mama. Kila ulichoniuliza nilikujibu kweli."

"Ulinijibu kweli," Tekla akasema. "Ila hukuniambia yote."

Lutengano akasema baiskeli ni ya baba yake pia. Alikuwa amemaliza kibarua kwenye shamba la tumbaku huko Iringa, akaja Ipogolo kutafuta basi la kwenda kwao. Akapita kwenye ua wa matete, na kupitia mwanya akaiona imeegemea mti. Alisema hakuwa amepanga kitu. Alisimama pale muda mrefu akiitazama.

Tekla hakubishana naye juu ya mali ya nani. Alimwuliza kama anajua kaka yake anaiitaje. Lutengano hakujua. Akamwambia, "Anaiita mzee. Kila siku akiniachia ananiambia, mtunze mzee. Sasa anakuja kazini kwa miguu, na hakutaka mtu yeyote akutafute. Kwa askari hakwenda. Nimekuja mimi, kwa sababu mzee aliachwa mikononi mwangu."

Lutengano aliuteremsha mkungu kwenye karia, akaukalia. Mwenye ndizi akaja kuuliza kuna nini. Kisha Lutengano akamwuliza Tekla basi la Iringa linaondoka lini.

Walisafiri pamoja Jumatatu, siku ile ile aliyokuwa aende Makongolosi. Njiani, Tekla anasema, kijana alizungumza maneno kama kumi. Nyololo safari hii alikunywa chai, ila alikunywa akiwa amesimama mahali anapoweza kuona paa la basi.

Waliingia Ipogolo Jumanne alasiri. Saa kumi na moja lori la Bwana Murad liliteremka na watu kumi na tisa. Ezekia hakuwamo, yeye alikuwa akishuka mlima kwa miguu, mfuko wa vyombo vya useremala begani. Wale kumi na tisa walikwisha iona baiskeli kwenye mti wake na kumwona kijana aliyesimama pembeni yake, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Wakasubiri wote.

Ezekia alipofika kwenye lango alisimama. Alimtazama mdogo wake, akaitazama baiskeli. Akainama, akashika mnyororo, akauvuta kidole kwa kidole hadi pale palipokuwa na waya.

"Umeutengeneza," akasema.

"Ulikuwa mbovu," akajibu Lutengano.

Ezekia akamshika mkono na kumsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," ingawa ilikuwa jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi. Lutengano akaitikia. Tekla anasema hakuelewa waliyoendelea kuyazungumza, maana yalikuwa ya kwao, lakini sauti alizielewa. Waliondoka pamoja kuelekea Mseke wakiisukuma baiskeli katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake wa usukani, na barabara hapo ni tambarare kabisa.

Watu kumi na tisa wana midomo kumi na tisa. Kabla ya Ijumaa, Iringa nzima ilijua kwamba mama wa Ipogolo amekwenda hadi Mbeya kwenye mvua kufuata baiskeli ya mteja, na akarudi nayo pamoja na ndugu wa mteja. Wiki iliyofuata baiskeli zilipita idadi ya zamani. Safari ya asubuhi haikukoma. Mwezi wa Juni Bwana Murad aliongeza ya pili, na baada ya mavuno ya tatu, kwa ajili ya wanawake wa sokoni ambao hawahitaji kuwahi kama makarani.

Tekla naye aliamua kwamba kumbukumbu peke yake haitoshi. "Nilihoji vizuri, na bado nilikosea. Kosa lilikuwa langu." Alimwendea Ezekia kwa ushauri, na seremala huyo, kwa mabaki ya mbao za mninga, alimchongea vibao mia moja, kila kimoja kikapasuliwa vipande viwili na kuchomwa namba ileile kwa chuma cha moto. Kipande kimoja hufungwa kwenye usukani, kingine hubaki na mwenyewe. Vikikutana na kushikana mpasuko kwa mpasuko, baiskeli inatoka. Visiposhikana, hata kama ni baba askofu, anasubiri.

Ezekia sasa anapanda baiskeli mpya. Ile nzee haiko Iringa.

Mwandishi wa habari hizi aliikuta mwezi uliopita Uyole, njia panda ya Tukuyu, imetundikwa ukutani mwa kibanda cha miti, mbele ya uwanja uliozungushiwa mianzi. Mwenye uwanja ni Lutengano Mwaisumo. Alikaa na kaka yake wiki tatu, na katika wiki hizo alimsaidia Tekla kila asubuhi, akajifunza kazi. Aliporudi Mbeya, Ezekia alimpa baiskeli ya baba. Alimwambia mzee amekaa Iringa vya kutosha, sasa amrudishe karibu na nyumbani.

"Mama Tekla alinipa vitu viwili," Lutengano alisema. "Vibao ishirini vya kuanzia, na hesabu ya watu aliowahesabu njiani siku ile alipokuja kunitafuta. Mia moja na themanini na wawili. Alikuwa hajaisahau."

Uwanja wa Uyole una baiskeli thelathini na moja kwa sasa. Mwenye gari mmoja wa Mbeya amekubali kusimamisha basi lake dogo hapo asubuhi na jioni, kwa majaribio hadi Desemba. Lutengano anaamini atakubali kuendelea. Sedekia, fundi wa sokoni, amehamishia Uyole kiti chake siku tatu za wiki, maana kazi imemfuata huko. Kwa Kinyakyusa jina Lutengano maana yake ni amani, na wateja humtania kwamba imechukua miaka sita na maili mia nne kuifikisha kwa kaka yake. Yeye huwajibu "Ndaga", asante, na kuendelea kufunga vibao.

Ipogolo jua limekwisha toboa ukungu. Tekla amefika baiskeli ya arobaini. Sufuria la uji sasa analo dada ya Liberatus, na watoto watatu kati ya wanne wako shule ya juu mlimani. Huenda na safari ya tatu ya lori, pamoja na wanawake wa sokoni.

Ana mipango, na anaisema bila haraka, akihama kutoka tandiko hadi tandiko. Kwanza paa. Mvua za Machi hazina huruma kwa vyuma, na Bwana Murad ameahidi mabati ya zamani ya ghala lake akilibomoa. Baada ya hapo Nyololo. Pale hakuna mlima, lakini kuna mashamba na njia nyingi za vijijini zinazokutana barabarani, na Jailos amekuwa akimhesabia watu kila basi linaposimama. Humletea punje kwenye kitambaa. Watu wa serikali wamekuwa wakipita na vyombo vya kupimia, na inasemekana siku moja reli itapita nchi hizi. Tekla anasema ikija ataikaribisha, na watakaoipanda watahitaji pa kuacha baiskeli.

Akaulizwa kama kuna jambo lolote analolitaka kwa nafsi yake mwenyewe, si kwa ajili ya uwanja.

Alitazama barabarani kama anayeogopa kusikiwa. Akasema anataka kujifunza kupanda baiskeli. Miaka mitano anazitunza za watu, na hajawahi kukaa juu ya hata moja ikatembea. Amekwisha anza. Kila Jumapili baada ya misa Liberatus humshikia nyuma kwenye tambarare ya kando ya mto. Ameanguka mara nne, mara moja majini, na mumewe alicheka hadi naye akaanguka. Krismasi ikifika anataka aweze kwenda Tanangozi kumwamkia mama yake, peke yake, na khanga mpya kwenye karia.

Na mlima wa Ipogolo je, atauweza?

Tekla alikikunja kitambaa, akautazama ukuta ule wa barabara unaopanda hadi mawinguni, ambako lori la safari ya tatu lilikuwa likisikika kwa mbali likiteremka kuwafuata akina mama wa sokoni.

"Ule sitaupanda," akasema. "Ule una lori."